Kushuka Si Kushindwa

Watu wengi wanajua kuendesha baiskeli barabarani. Leo nataka kuwaeleza habari za kuendesha baiskeli katika njia nyembamba ya msituni, yenye kona, mizizi na maji. Njia ya namna hiyo ilinifundisha mambo mengi. Jambo moja ilinifundisha kwa hasara, na hasara yenyewe haikuwa yangu peke yangu.

Mwaka 1984 nilikuwa mhudumu wa kliniki ya mama na watoto katika zahanati moja ya Mkoa wa Kagera. Nilikuwa na umri wa miaka 22. Zahanati yetu ilikuwa upande mmoja wa Msitu wa Minziro, karibu na mpaka wa Tanzania na Uganda. Upande wa pili wa msitu kulikuwa na kijiji kisicho na zahanati. Kila mwezi nilipeleka chanjo huko.

Kwa barabara ilibidi kuzunguka mbali sana, na gari hatukuwa nalo. Kwa njia ya msituni ilikuwa kilometa 11. Zahanati ilikuwa na baiskeli moja, Phoenix iliyotoka China. Ilikuwa ya kiume, yenye chuma juu, na nzito. Nikapewa hiyo.

Siku hizo kwetu wanawake waliopanda baiskeli walikuwa wachache. Nilipopita senta, watu waliacha chai yao wakanitazama. Wengine walicheka. Nilivaa kaptura ya kaka yangu ndani ya gauni ili nisiaibike. Moyoni nikaapa kwamba hakuna mtu atakayeniona nimeshuka, nasukuma baiskeli. Kumbukeni kiapo hicho, maana ndicho kilichoniponza.

MSITU WENYEWE

Msitu wa Minziro si kama misitu ya milimani. Uko mahali tambarare, karibu na Mto Kagera. Mvua zikizidi, mto hufurika. Maji huingia msituni na kusimama kati ya miti. Maji hayo ni meusi kama chai ya rangi, kwa sababu ya majani yanayooza ndani yake. Miti ni mirefu, na miti ya podo ni mingi. Penye uwazi kuna mafunjo na mikindu. Juu utawaona mbega wakiruka, na utasikia hondohondo wakipiga kelele.

Njia ilipita humo ndani, upana wake hatua moja. Haikunyooka hata kidogo. Waliotangulia walifuata mahali pakavu, kwa hiyo njia ilizunguka kila dimbwi na kila shina. Ukienda hatua kumi unapinda kulia. Ukienda nyingine kumi unapinda kushoto.

Na mizizi ilikuwa kila mahali. Katika ardhi iliyojaa maji, mizizi hukosa hewa chini. Kwa hiyo hutambaa juu juu, kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Mvua ikinyesha, mizizi hiyo huteleza kama sabuni.

Safari yangu ya kwanza nilitumia saa nne. Nilianguka mara sita. Bahati njema, kisanduku cha chanjo nilikuwa nimekifunga mgongoni kama mtoto, na hakikuumia. Mimi niliumia magoti yote mawili.

MZEE MCHUKUZI WA SAMAKI

Katika njia hiyo nilikutana na mzee mmoja. Kazi yake ilikuwa kuchukua kambare na kamongo kwa baiskeli, kutoka kwenye mabwawa mpaka senta. Alipakia matenga mawili yaliyojaa, na bado alipita kwenye mizizi bila kuyumba. Baiskeli yake ilikuwa ya zamani kuliko mimi. Tairi la nyuma lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa nyavu, maana wakati huo tairi jipya lilikuwa adimu kama almasi.

Nikamwambia, "Shikamoo baba. Unawezaje kupita hapa?"

Akaitika, akanitazama magoti, akacheka kidogo. Akasema, "Marahaba mwanangu. Wewe unapigana na njia. Njia haipigwi. Njia husomwa."

Ndugu wasomaji, neno hilo lilinifurahisha. Nanyi mmejifunza kusoma karibuni, bila shaka mnalielewa. Mtu anayeanza kusoma hutazama herufi moja moja, na huchoka upesi. Akizoea, macho yake hutangulia mbele na kuona neno zima. Mzee alisema njia ni hivyo hivyo. Alinifundisha kwa miezi mitatu, kila tulipokutana. Haya ndiyo aliyonifundisha.

Kwanza, macho. Usitazame gurudumu. Tazama mbele, hatua nne au tano. Tazama mahali unapotaka kupita, usitazame mahali unapopaogopa. Ukikazia macho shimo, mikono nayo itakupeleka shimoni. Baiskeli hufuata macho.

Pili, mizizi. Ukikuta mzizi umekatiza njia, uvuke kwa kuukabili moja kwa moja. Ukiupanda kwa mshazari, gurudumu la mbele litateleza na utalala chini. Kama ni kupunguza mwendo, punguza kabla ya kuufikia. Usikamate breki ukiwa juu ya mzizi uliolowa.

Tatu, kona. Punguza mwendo kabla ya kuingia kwenye kona, siyo ndani ya kona. Unapopinda kulia, pedeli ya kulia iwe juu. Ikiwa chini, itagonga mzizi au kisiki na kukutupa.

Nne, upepo wa mpira. Toa upepo kidogo. Mpira mgumu sana hudunda juu ya mizizi. Mpira uliolainika kidogo hushika ardhi. Lakini usitoe mwingi. Ukitoa mwingi, rimu itaibana tyubu juu ya mzizi na kuitoboa, tena matundu mawili kwa mara moja.

Tano, tope. Chagua njia yako mapema. Kanyaga pedeli kwa nguvu ile ile, bila kusita. Ukisita katikati utazama. Mzee aliondoa madigadi ya mbele kwenye baiskeli yangu, kwa sababu tope lilijaa ndani yake na kuzuia gurudumu lisizunguke.

Sita, breki. Breki zikilowa hazishiki upesi. Ukishatoka majini, zikamate kidogo kidogo unapokwenda, ili mpira wa breki ufute maji kwenye rimu. Usingoje mpaka siku ya hatari.

Saba, mzigo. Mzigo ukae chini, na katikati. Mzigo ulio juu huivuta baiskeli kila upande, nawe unakuwa mtumwa wake. Akanishauri nitoe kisanduku mgongoni. Tukakifunga juu ya keria kwa mipira ya tyubu kuukuu, na chini yake tukaweka majani makavu ya mgomba ili kisigongwe.

Nilijifunza upesi. Kufika mwisho wa mwaka 1984 nilitumia saa moja na nusu tu kwenda. Nawaambia kweli, ilikuwa raha. Asubuhi ukungu umelala juu ya maji, baiskeli inapinda huku na huku kati ya mashina, na wewe unajua kila mzizi kabla hujaufikia. Nilianza kuimba njiani. Nilianza pia kujivuna.

MAGOGO MATATU

Karibu na kilometa ya nane palikuwa na mkondo wa maji. Juu yake wanakijiji walilaza magogo matatu ya mikindu, sambamba. Urefu wake ulikuwa hatua kumi. Mzee alikuwa akishuka hapo siku zote, hata wakati wa kiangazi. Mimi sikushuka. Nilipita juu ya gogo la katikati, macho mbele, na nilifaulu kila mara.

Siku moja ya Aprili 1985 nilikwenda kuchanja watoto dhidi ya surua. Miaka hiyo surua ilikuwa inaua watoto wengi. Waliopona, wengine walibaki na macho mabovu au masikio mabovu. Chanjo yake tulimpa mtoto akifika miezi 9.

Chanjo hiyo inataka baridi. Ilikaa zahanati ndani ya friji ya mafuta ya taa. Siku ya safari niliiweka ndani ya kisanduku pamoja na pakiti za barafu, ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8. Ikipata joto huharibika. Tena ukiitazama kwa macho huwezi kujua kwamba imeharibika. Mtoto atachomwa sindano, mama atafurahi, lakini kinga hakuna.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Nilipofika kwenye magogo, vijana wawili walikuwa hapo wakitega samaki. Mmoja akapaza sauti, "Nesi, shuka! Leo yanateleza!"

Nilidhani ananidharau. Nikakumbuka kicheko cha senta. Nikakanyaga pedeli.

Nilifika katikati. Hapo nikasikia gurudumu la nyuma likienda upande. Nikakosea kosa ambalo mzee alinikataza: nikakamata breki. Baiskeli ikalala. Kisanduku kikagonga ukingo wa gogo, kifuniko kikafunguka, na vitu vyote vikamwagika ndani ya maji meusi.

Nilipoinuka, maji yalikuwa kifuani. Wale vijana wawili walikuwa wameshajitupa majini. Hawakucheka hata kidogo. Walipapasa kwenye tope kwa mikono na miguu kwa muda mrefu. Walipata sindano, wakapata vichupa vichache. Barafu ilikwisha kuchukuliwa na maji. Vichupa vilikuwa vimejaa tope, na baridi hakuna. Havikufaa tena.

Yule aliyeniita akasema polepole, "Nilikwambia ushuke, nesi. Jana baba yangu naye alianguka hapa hapa."

MACHO YA AKINA MAMA

Nilikaa juu ya kisiki. Nilifikiri nirudi nyumbani. Ningesema mvua imefunga njia, na kila mtu angeamini. Wale vijana wawili wasingepinga.

Lakini niliwajua wale akina mama. Wangekaa chini ya mti tangu asubuhi, watoto mgongoni, mashamba yao yakingoja. Wangekaa mpaka jioni. Nisipofika bila habari, mwezi ujao nusu yao wasingekuja tena. Mtu akingoja bure mara moja, mara ya pili hangoji.

Basi nikasukuma baiskeli kilometa tatu zilizobaki. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda. Nilifika nimelowa, nina tope mpaka kwenye nywele. Akina mama walikuwa chini ya mti. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekwisha kuwasha moto na kuteleka sufuria ya maji, maana miaka ile tulichemsha sindano ili kuua vijidudu.

Nikasimama mbele yao. Nikasema, "Mama zangu, dada zangu, leo hakuna chanjo. Nimeiangusha majini. Niliambiwa nishuke kwenye baiskeli, nikakataa kwa kiburi. Kosa ni langu."

Hakuna aliyesema neno. Nilisikia tu maji ya sufuria yakichemka. Kisha bibi mmoja akanivua kanga iliyolowa, akanifunga yake iliyo kavu. Mwenyekiti akasema, "Sasa utarudi lini?" Nikasema, "Baada ya siku 14." Nikaandika daftarini majina ya watoto wote. Walikuwa 31.

Mama mmoja alikuwa ametoka mbali kuliko wote. Alimfunga mtoto wake mgongoni, akaondoka bila kuaga. Sikumlaumu. Nilimtazama mpaka akapotea kwenye migomba.

Siku ya 14 nilirudi na chanjo mpya. Watoto waliokuja walikuwa 27. Wawili walikuwa wamesafiri na mama zao. Wa tatu baba yake alikataa. Wa nne alikuwa mtoto wa yule mama aliyetoka mbali. Hakuletwa, kwa sababu alikuwa amelala na surua.

Nilikwenda kwao kwa miguu. Mtoto alikuwa na homa, upele na macho mekundu. Tulimpeleka kutibiwa, akapona. Lakini jicho lake la kushoto lilibaki na kovu jeupe, na halikuona tena.

Mganga wetu aliniambia nisijilaumu. Alisema surua hukaa mwilini siku 10 hivi kabla ya kuonekana. Huenda mtoto aliambukizwa kabla ya siku ile ya magogo. Huenda, ndiyo. Lakini mganga huyo huyo alinifundisha kwamba mtoto akichanjwa ndani ya siku 3 baada ya kuambukizwa, chanjo inaweza bado kumkinga. Kwa hiyo neno "huenda" lilinikatalia. Limenikatalia mpaka leo.

SOMO LILILOBAKI

Nilimweleza mzee mchukuzi wa samaki. Nilitegemea atanigombeza. Alinyamaza, akafuta mnyororo wa baiskeli yake kwa kitambaa, kisha akasema, "Mimi nilikufundisha kupanda. Sikukufundisha kushuka. Kosa ni letu wawili."

Akanifundisha siku hiyo hiyo. Kushuka nako kuna ufundi. Amua mapema, ukiwa bado kwenye ardhi ngumu. Punguza mwendo, kisha shuka upande ulio juu, siyo upande wa bondeni. Mkono mmoja ushike usukani, mkono wa pili ushike keria karibu na mzigo. Penye maji meusi, tanguliza fimbo ujue kina chake. Penye magogo, vua viatu, upitishe mzigo kwanza, kisha urudi kuchukua baiskeli.

Nikamwuliza, "Baba, wewe huoni aibu? Umepita njia hii miaka mingi, na bado unashuka penye magogo."

Akasema, "Mwanangu, nikianguka na samaki, nimewarudisha kwao. Nikishuka, watoto wangu watakula. Aibu iko wapi?"

Tukapita njia yote pamoja, tukihesabu mahali pa kushuka. Palikuwa mahali saba. Niliviandika vyote nyuma ya daftari la kliniki, mahali pa kwanza mpaka pa saba. Wakati wa masika niliongeza viwili. Nilipita njia hiyo mpaka mwaka 1991. Sikuvunja tena hata kichupa kimoja. Saa moja na nusu ikawa saa mbili kasorobo. Robo saa tu! Kwa ajili ya robo saa, na kwa ajili ya macho ya watu, nilikuwa nimemwaga chanjo ya watoto 31.

Siku za kwanza wale vijana wa magogoni waliponiona nashuka, walinisaidia kupitisha kisanduku. Baadaye nilikuwa nashuka hata kama hakuna mtu. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimejifunza.

LEO

Leo mambo mengi yamebadilika. Msitu wa Minziro ni hifadhi, na unatunzwa na serikali kwa faida yetu na ya watoto wetu. Chanjo ya surua imeunganishwa na ya rubela tangu mwaka 2014. Hutolewa mara mbili, mtoto akiwa na miezi 9 na akiwa na miezi 18. Ndugu wazazi, msiache ile ya pili. Watu wengi sasa hupita na pikipiki mahali tulipopita na baiskeli. Lakini mzizi uliolowa unateleza vile vile. Pikipiki nayo hufuata macho ya dereva, na ikianguka huumiza zaidi.

Basi nawashauri ninyi mnaochukua mizigo katika njia mbaya. Huenda unachukua kahawa, ndizi au mama mjamzito. Someni njia. Fungeni mzigo vizuri. Jueni mahali penu pa kushuka kabla hamjaondoka nyumbani. Na mtu akikupazia sauti kwamba mbele panateleza, usiulize kama anakudharau. Shuka kwanza, umwulize baadaye.

Yule mtoto sasa ni mtu mzima, ana watoto wake. Mwaka mmoja alinipitisha kwenye baiskeli yake mpaka stendi. Tulipofika penye daraja bovu alisimama, akasema, "Mama, tushuke hapa." Hakujua kwa nini nilinyamaza. Nilishuka, nikashika keria, tukavuka tukiisukuma.